Nani anawahesabu vijana wa insulini Homa Bay na Migori?

Ukitaja kisukari mbele ya watu mjini, picha inayowajia wengi ni ya mtu wa makamo mwenye kitambi, aliyekatazwa soda na kuambiwa atembee kila jioni. Hicho ni kisukari cha aina ya pili, nacho kimeandikwa sana katika kurasa za afya. Leo ningependa tuzungumze juu ya kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu humpata mtoto au kijana, hakitokani na kula sukari wala uvivu, na ambacho huku ninakofanyia kazi, kati ya Migori na Homa Bay, bado watu hukitaja kwa sauti ya chini.

Katika aina hii, kinga ya mwili hugeuka na kuziangamiza seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini isipokuwapo, sukari hubaki kwenye damu huku mwili ukiwa na njaa. Mtoto hunywa maji bila kutosheka, hukojoa usiku kucha, hukonda ukimtazama. Kijijini wako watakaosema ni malaria, wengine watasema ni minyoo, na wako watakaosema ni chira, kwamba kuna mwiko wa ukoo uliovunjwa. Mjadala huo ukiendelea, damu ya mtoto inajaa asidi. Asipodungwa insulini, atakufa katika muda wa siku au majuma machache.

Tangu Januari 1922, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alipodungwa insulini hospitalini Toronto, Kanada, kifo hicho kinaweza kuzuiwa. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mtoto aliyeokolewa leo ana miaka mingi ya kuishi na sukari inayopanda na kushuka, na kila inapokaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu. Huharibu ile ya nyuma ya jicho, mtu akapofuka. Huharibu ile ya figo, mtu akahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Huharibu neva za miguu, mtu akakanyaga msumari asisikie, kidonda kikaoza. Mishipa mikubwa ya moyo na ubongo nayo huanza kuziba mapema. Madhara haya hayaji kwa kishindo. Huchukua miaka 5, 10, hata 20 bila maumivu yoyote, na mgonjwa anapoyagundua mwenyewe, mara nyingi muda wa kuyazuia umekwisha kupita.

Tunajuaje haya yote? Tunajua kwa sababu kuna watu waliofuatiliwa. Kati ya 1983 na 1993, madaktari wa Marekani na Kanada waliwachukua watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wa umri kati ya miaka 13 na 39, katika utafiti unaojulikana kwa herufi DCCT. Nusu walipewa tiba ya kawaida ya siku zile, yaani sindano 1 au 2 kwa siku. Nusu nyingine walidungwa mara 3 au zaidi, au wakavalishwa pampu, wakapima sukari angalau mara 4 kila siku na kuonana na wahudumu wao kila mwezi. Kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 au 3 iliyopita, kilikuwa karibu asilimia 9 kwa kundi la kwanza na karibu asilimia 7 kwa kundi la pili. Tofauti hiyo ndogo ilileta matokeo makubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa mwaka mmoja kabla ya wakati. Miongoni mwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, hatari ya kuharibika ilipungua kwa asilimia 76. Madhara ya figo yalipungua kwa karibu nusu, na ya neva kwa asilimia 60.

Baada ya hapo kundi zima lilifundishwa tiba ile kali, na wengi wao wameendelea kufuatiliwa tangu 1994. Hapo ndipo lilipoonekana jambo ambalo kila mzazi wa mtoto wa sukari angepaswa kulijua. Baada ya miaka michache sukari za makundi yote mawili zililingana, zikakaa karibu asilimia 8, lakini madhara hayakulingana. Wale waliodhibitiwa vizuri mwanzoni waliendelea kulindwa. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya maradhi ya moyo vilikuwa vimepungua kwao kwa asilimia 57. Watafiti wanasema mwili una kumbukumbu: miaka ya mwanzo ya ugonjwa, ambayo kwa wengi ndiyo miaka ya shule, mwili hauisahau.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2015 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watoto na vijana 82 wenye kisukari cha aina ya kwanza waliokuwa wakitibiwa Kenyatta, Gertrude's na kliniki za kibinafsi za wataalamu. Ni asilimia 28 tu waliokuwa na udhibiti wa kuridhisha. Kipimo cha HbA1c cha yule wa katikati ya orodha kilikuwa asilimia 11.1. Kumbuka kwamba kule Marekani waliokuwa na asilimia 9 ndio waliokuwa kundi lililoumia. Na hao wa kwetu ni watoto wa jiji kuu, wenye daktari bingwa wa homoni wa watoto. Vipi yule wa Ndhiwa, au wa Muhuru Bay, anayehudumiwa na klinikali ofisa mmoja mwenye foleni ya wagonjwa wa malaria mpaka nje ya mlango?

Wengi ninaowaona mimi hudungwa insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni, basi. Hiyo, msomaji, ni tiba ileile iliyoshindwa mwaka 1993. Siwalaumu wenzangu wanaoiandika, kwani mimi pia huiandika. Kupima mara 4 kwa siku ni vipande 120 vya kupimia kila mwezi, na kikopo cha vipande 50 humalizika kwa siku 12. Mvuvi wa omena hawezi. Tena tiba kali ina hatari yake: katika utafiti uleule, sukari kushuka ghafla hadi mtu kuhitaji msaada wa mwingine kuliongezeka mara 3. Nyumbani ambako chakula cha jioni hakina uhakika, sindano ya usiku inaweza kuua. Kwa hiyo sisemi tuchukue kitabu cha Marekani na kukipiga muhuri wa Homa Bay. Ninachosema ni kwamba tujue, kwa hesabu zetu wenyewe, hawa vijana wetu yanawapata yapi.

Hatujui. Katika miaka yangu ya kutibu pande hizi sijaonyeshwa daftari moja linalosema: hawa ndio wote walio chini ya miaka 25 wanaoishi kwa insulini katika kaunti hii, huyu macho yake yaliangaliwa mwaka jana, huyu figo zake zimeanza kuvuja protini, huyu hatujamwona tangu Pasaka. Kuna mipango inayowapa watoto insulini bure nchini, nayo inastahili shukrani. Lakini mipango hiyo ni ya watoto na vijana. Mtu akifika miaka ya ishirini na kitu, mlango hufungwa, na huo hasa ndio umri ambao madhara huanza kubisha hodi.

Niliwahi kuletewa msichana wa miaka 22 na bibi yake. Alikuwa amegunduliwa kuwa na sukari akiwa darasa la sita. Alikuwa mwerevu, mkaidi kidogo, na amejidunga mwenyewe miaka yote hiyo. Shida iliyomleta ilikuwa ni "vitu vyeusi vinavyoelea" machoni. Nilipomulika, jicho moja lilikuwa limevuja damu ndani. Nikamwuliza bibi, "Mama, ni lini mara ya mwisho macho haya yaliangaliwa?" Akanitazama kana kwamba nimeuliza habari za mtu mwingine. "Daktari, yeye ni mgonjwa wa sukari. Wa macho wako mlango ule mwingine." Katika hospitali alizopitia, ambazo sina haja ya kuzitaja, alipimwa sukari, akapewa insulini, akaambiwa arudi mwezi ujao. Kila mmoja alifanya kazi yake na kuishia hapo. Nilimpeleka Kisumu kutafutiwa tiba ya leza. Jicho moja liliokolewa.

Nimewasikia waheshimiwa wakisema kwamba utafiti ni anasa ya wazungu, kwamba matokeo yamekwisha kupatikana na sisi tuyatumie tu. Mimi siafiki.

Chukua hicho kipimo cha HbA1c ambacho mambo yote yanakiegemea. Kinapima sukari iliyonata kwenye himoglobini ya chembe nyekundu za damu, nacho kinadhania kwamba chembe hizo zinaishi umri wake wa kawaida, yapata miezi 4. Huku kandokando ya ziwa tuna selimundu, tuna malaria, tuna upungufu wa damu. Chembe zikifa mapema, kipimo huonyesha sukari ndogo kuliko ilivyo. Hata kwa mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu, asiye mgonjwa, uchunguzi wa Wamarekani weusi uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba HbA1c husoma chini kwa karibu asilimia 0.3 ingawa sukari ni ileile. Kwa hiyo daktari wa Rongo anaweza kuandika "vizuri, endelea hivyo" kwa kijana ambaye kwa hakika hayuko vizuri. Aliyeandika kipimo hicho kwenye mwongozo hakuwa akifikiria damu ya mtu wa Nyanza.

Au chukua jina lenyewe la ugonjwa. Mwaka 2025 watafiti walichapisha uchunguzi wa watu 894 kutoka Uganda, Kameruni na Afrika Kusini ambao walipata kisukari wakiwa wadogo na ambao walikuwa wakitibiwa kama wagonjwa wa aina ya kwanza. Asilimia 65 hawakuwa na zile alama za damu zinazoonyesha kwamba kinga ya mwili ndiyo iliyoharibu kongosho. Bado wanahitaji insulini, mtu asije akaacha sindano kwa kusoma makala haya! Lakini huenda ugonjwa wao ni mwingine, na kama ni mwingine, huenda njia yake ya kuharibu macho na figo nayo ni tofauti. Uganda ni jirani yetu. Ziwa ni hilohilo moja. Ni nani atakayetujibia swali hilo tusipojitazama wenyewe?

Na tukijitazama, huwa inafaa. Kwa miongo mingi familia zisizo na friji ziliambiwa insulini ikishafunguliwa haiwezi kukaa katika joto letu. Wagonjwa walilazimika kwenda kituoni kila siku kudungwa. Ndipo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, walipokwenda kupima joto ndani ya nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, Dadaab, hapahapa Kenya, kisha wakaiweka insulini maabara katika joto lilelile, kati ya nyuzi 25 na 37, kwa majuma 4. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba haikupoteza nguvu za kuhesabika. Leo ninaweza kumwambia mama wa Macalder aiweke chupa iliyofunguliwa kivulini, ndani ya chungu chenye unyevu, mbali na jua na jiko, aitumie kwa majuma hayo 4 bila hofu. Utafiti mmoja uliofanywa penye vumbi letu umewafaa wagonjwa wangu kuliko makongamano kumi.

Utasema, msomaji, kaunti hizi hazina uwezo wa kufuatilia watu kwa miaka. Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Hakuna mahali Kenya pamefundishwa kazi hiyo kuliko hapa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta virusi vya Ukimwi kwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 ya wale wa Migori, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Kwa sababu ya janga hilo, tulijenga kitu ambacho wilaya nyingi tajiri hazina. Mgonjwa wa virusi ana faili, ana nambari, ana tarehe ya kurudi. Asipokuja anapigiwa simu, asiposhika simu anafuatwa kwa pikipiki. Kiwango cha virusi mwilini mwake hupimwa kwa ratiba na jibu huandikwa. Tangu 2013 vijiji vya kaunti hizi mbili, hata kisiwani Mfangano, vilishiriki utafiti mkubwa wa SEARCH ambapo watu walipimwa virusi, shinikizo la damu na sukari katika kambi moja, na matokeo yakachapishwa 2019. Wahudumu wenyewe tunao, na kazi wanaijua. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba kijana wa insulini naye apewe faili la namna hiyo.

Najua mambo yamebadilika. Mwaka 2025 misaada ya Marekani ilipokatwa, wahudumu wengi wa kliniki hizo walipoteza kazi, na huduma za virusi zinasukumwa kuingia katika kliniki za kawaida. Wengine wanaona huu ni wakati mbaya wa kuongeza mzigo. Mimi naona kinyume. Ikiwa kliniki zinaunganishwa, basi ziunganishwe na faida zake zote, ratiba na simu na pikipiki, badala ya kila mtu kurudishwa kwenye foleni isiyo na daftari. Na hawa vijana si wengi. Kaunti nzima ingeweza kuwaorodhesha kwa juma moja, kwa kupita kila duka la dawa na kila hospitali inayotoa insulini na kuuliza nani huja kuichukua.

Swali jingine nimeulizwa na daktari mwenzangu: kuna haja gani ya kutafuta madhara yasiyo na tiba hapa? Lakini tiba ipo. Mkojo ukionyesha albumini mapema, vidonge vya enalapril, ambavyo si ghali, husaidia kuzilinda figo kabla ya kufikia mashine. Jicho likigunduliwa mapema huzuiwa na leza. Mguu uliokufa ganzi hugunduliwa kwa uzi wa nailoni ulio mgumu kidogo, mgonjwa akiwa amefumba macho, kisha hulindwa kwa viatu na ukaguzi wa kila jioni. Nani aliwahi kufilisika kwa uzi wa nailoni?

Na wale wanaosema tumalize kwanza tatizo la insulini yenyewe wana hoja. Muhimbili, Dar es Salaam, madaktari waliandikisha wagonjwa wapya wa kisukari 1,250 kati ya 1981 na 1987 na kuwafuatilia. Katika miaka 5, karibu 3 kati ya kila 10 waliohitaji insulini walikuwa wamefariki, hasa kwa asidi ya damu na maambukizi. Wengi hawakuishi kiasi cha kufikia upofu. Lakini angalia kilichotokea: tunaijua habari hiyo kwa sababu kuna mtu aliyewaandika majina na kurudi kuwatafuta. Vifo hivyo vingekuwa vimetawanyika vijijini, kimoja kimoja, kila kimoja kikiitwa malaria au chira. Makadirio ya dunia yaliyochapishwa 2022 yanasema mtoto wa miaka 10 anayegunduliwa na aina ya kwanza katika nchi maskini ana wastani wa miaka 13 ya kuishi, na yule wa nchi tajiri ana miaka 65. Boston wapo waliopewa nishani kwa kuishi na sindano miaka 50.

Basi wewe unayesoma gazeti hili ukiwa Nairobi, Kisumu au Mombasa, na ambaye pengine kila mwezi hutuma insulini nyumbani kwa basi la usiku, nina ombi. Wabunge wa kaunti hupitisha bajeti ya afya, na diwani wako anakujua kwa sababu hukuchangisha kwenye harambee. Mwulize kama kaunti ina orodha ya vijana wa insulini. Akikuambia ipo, mwambie akuonyeshe idadi.

Na ukienda nyumbani Desemba, keti na huyo mtoto wa ndugu yako. Usimwulize kama ameacha sukari kwenye chai. Ameulizwa hilo na kila shangazi. Mwulize ana miaka mingapi tangu agunduliwe. Ikiwa amefikisha miaka 5, au amevuka umri wa miaka 11 naye ana miaka 2 na sindano, mpeleke hospitali ya kaunti na uombe mambo manne kwa kuyataja: mkojo upimwe albumini, macho yatiwe dawa ya kupanua mboni na kuangaliwa nyuma, shinikizo la damu lipimwe, na avue viatu na soksi miguu ikaguliwe. Kama ana selimundu ukoo wenu, mwambie daktari kabla hajaagiza HbA1c, na mbebe lile daftari lake la vipimo vya kidole. Majibu yaandikwe kwenye kitabu chake, na tarehe. Mwakani rudini na kitabu hichohicho.